Maji Chini ya Kapeti

Mwalimu wa tarumbeta alikuwa hawezi kupita mbele ya gereji yangu bila kusimama kusikiliza. Hata kama nimewasha lori la mtu wa kabichi, lori ambalo halimhusu ndewe wala sikio, atasimama pale barabarani, mikono nyuma, kichwa kakiinamisha upande mmoja, halafu atasema, "Ya tatu inamisi, fundi." Na kweli, silinda ya tatu inamisi, inaruka mapigo. Nilikuwa nachukia! Mtu umelala chini ya gari tangu asubuhi, mgongo umekufa ganzi, anakuja mzee mwenye kofia ya sufu na koti refu la mvua, hajashika hata spana, anakutajia ugonjwa na kwenda zake.

Habari za ukoo wake na mahali alipozaliwa waulizeni wa kwao. Mimi nilimjua akiwa tayari mzee, na nilimjua kwa sababu ya gari. Nitamwita Mwalimu, kama sote tulivyomwita hapa Lushoto, ingawa hakuwa mwalimu wa shule. Alifundisha tarumbeta kanisani, kundi la watu kumi na kitu waliopiga Jumapili, harusini na misibani, na upande wetu huu wa mlima mtu akizikwa bila wao ilionekana kama kazikwa na haraka. Sasa hivi amehamia kwa binti yake Mlalo na tarumbeta ameiacha. Lakini nikisikia gari linapanda kwa shida, bado nageuka kutazama kama amesimama barabarani.

Gari lake lilikuwa dogo, jekundu, la Kijapani, viti viwili tu. Paa halikuwa la bati. Lilikuwa turubai jeusi, unalikunja na kulilaza nyuma ya viti, na gari linabaki wazi kama sahani. Ni gari la vijana wa mjini kwenda kutembea, siyo la kupanda Magamba kwenye ukungu wa Julai. Nililitengeneza kwa miaka sita. Katika miaka hiyo nilimkosea Mwalimu mara moja, na kosa lile nikalificha miaka miwili. Nimeona niandike habari zake zote, na hilo likiwemo, maana nikiliacha nitakuwa nimemsifu tu, na sifa hazinisaidii.

Gari aliachiwa na mgeni mmoja aliyekuwa akiishi njia ya Irente, ambaye Mwalimu aliwafundisha watoto wake kupuliza. Mgeni aliporudi kwao akamkabidhi ufunguo. Watu hapa hawana dogo. Walipomwona mzee wa kanisa anapita mjini na gari la wazi, mkewe pembeni kajifunga kanga kichwani na blanketi mabegani, wakasema mzee anatanua. Wengine wakasema uzee umemkalia vibaya. Mwenyewe hakujibu mtu. Mimi pia nilicheka, na nilicheka mpaka siku niliyoambiwa sababu.

Mkewe, Mama Mwalimu, alikuwa mgonjwa wa moyo. Moyo ulikuwa umetanuka, ndivyo daktari alivyosema, na kila mwezi ilibidi ateremke mlimani mpaka hospitali kubwa kule Tanga kuangaliwa na kubadilishiwa dawa. Shida ni kwamba hakuweza kukaa ndani ya gari lililofungwa. Ukibamiza mlango tu anashika koo, macho yanamtoka, anasema hewa imekwisha. Waliwahi kukodi gari zuri tu, madirisha yote chini, wakafika Soni akaomba ashushwe, na hakukubali tena kuingia. Ndani ya lile gari dogo la wazi alipumua. Paa likiwa chini alipumua vizuri, na mvua ikinyesha Mwalimu alilifunga paa akaacha madirisha ya pembeni wazi na lile la nyuma la plastiki, lenye zipu, wazi pia. Kwa hiyo lile gari ndilo lililokuwa njia yake ya kufika kwa daktari. Likikaa, na yeye anakaa. Nilijua hivyo kuanzia mwaka wa kwanza, na sitaki mtu aseme sikujua.

Mwalimu alikuwa na neno lake moja, "Pumzi kwanza, sauti baadaye." Aliwaambia wanafunzi, alituambia mafundi, aliwaambia hata mapadri wa Kikatoliki waliomkaribisha kupiga kwao. Mwanafunzi mpya hapewi tarumbeta. Anapewa karatasi ya daftari, anaambiwa aibandike ukutani kwa pumzi yake tu, bila mkono. Karatasi ikianguka, nenda nyumbani, rudi wiki ijayo. Wengi walilia. Alikuwa mkali, tena mkali wa bure wakati mwingine. Mimi mwenyewe alinifukuza uwanjani kwake kwa sababu niliuliza habari za betri kabla ya shikamoo. Nilitoka nje ya uzio, nikarudi, nikaamkia, akaitika "Marahaba, fundi" kwa upole kabisa, akaniletea kigoda na chai. Betri yenyewe tukaijadili baada ya nusu saa.

Lakini mtu huyohuyo, mzee wa kanisa, gari likimkatalia kwenye mlima alilitukana kwa Kishambaa maneno ambayo sitayaandika hapa. Mkewe alikuwa akiziba masikio kwa kanga na kucheka. Mtu huyohuyo aliyekataza ngoma katika kundi lake, akiwa peke yake ndani ya gari alipiga mluzi wa dansi za zamani, na akikuona anageuza unakuwa wimbo wa kanisani. Tulikuwa tunajificha nyuma ya ukuta wa gereji tumsikie anavyogeuza.

Alilitibu gari kwa sikio. Mwaka wa kwanza injini ilikuwa ikisimama taa nyekundu... nasema taa nyekundu, Lushoto hatuna. Ilikuwa ikisimama kila akipunguza mwendo. Nikabadilisha plagi, nikasafisha chujio, nikafungua kila kinachofunguka. Siku ya tatu akaja, akainama juu ya injini, akapiga mluzi mwembamba sana kwenye meno. "Sauti hii inatoka wapi?" akauliza. Sikuisikia. "Tarumbeta yenye ufa hulia hivi," akasema, na akaniwekea kidole kwenye mpira wa hewa, kwa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Ulikuwa umechanika urefu wa ukucha. Nikaufunga, gari likatulia. Hakusema asante wala hongera. Alisema, "Haya," akaenda zake. Mwalimu alikuwa bahili wa sifa, bahili kupita kiasi. Katika miaka sita alinisifu mara moja tu, na nitasema ni lini.

Taa za mbele za gari lile zilikuwa zimelala ndani ya boneti. Ukiwasha zinainuka kama macho ya chura, na kwa hiyo watoto wote kutoka hapa mpaka Lukozi waliliita Chura. Jicho moja lilipogoma kuinuka, Mwalimu alisimamisha gari, akashuka, akaliinua kwa mkono kwa kile kigurudumu kidogo kilicho ndani, akarudi kukaa. Klachi ilipoanza kuvuja mafuta alijifunza kuingiza gia bila klachi, kwa kusikiliza tu injini inavyoshuka. Nilimwambia Mwalimu utavunja gia. Hakuvunja. Dirisha la plastiki lilipokuwa jeupe na kupasuka, Mama Mwalimu alilishonea kipande cha nailoni kwa uzi wa magunia, akiwa amekaa kitandani na mito mitatu mgongoni. Ule mshono haujaachia mpaka leo.

Ilikuwa kazi kuishi na gari lile milimani. Tumbo lake liko chini, jiwe dogo tu linaligusa. Kuna siku kundi la tarumbeta lilikuwa likienda kwenye mazishi Lukozi, na mvua ilikuwa imekula barabara. Chura likakaa juu ya mgongo wa barabara, magurudumu yananing'inia. Wapiga tarumbeta wakateremka kwenye pikapu iliyowabeba, wakaweka vyombo vyao kwenye nyasi, wakashika gari kila upande. Mama Mwalimu akataka kushuka, Mwalimu akamwambia, "Kaa hapohapo." Akasimama mbele, akainua mikono kama anavyofanya kanisani. "Pumzi... na inueni!" Wakaliinua, na mama wa watu ndani yake, wakavuka nalo korongo huku yeye akiwapungia mkono kama bibi harusi. Alicheka mpaka akakohoa, na alipokohoa wote wakasimama tuli, gari mikononi, wakamngoja. Walipiga mazishi yale wakiwa na matope mpaka magotini.

Hivyo ndivyo alivyomwendesha mkewe. Kule chini, kuanzia Soni kwenda Mombo, kona zile zinashuka haraka na hewa inabadilika, unatoka kwenye baridi unaingia kwenye joto, na kifua cha mgonjwa kinaona kabla ya ngozi. Mwalimu alikuwa anajua kona ipi asimame kidogo. Magari yalimpigia honi nyuma, makonda wakamtukana, yeye hageuki. Anamtazama mkewe, akiona amevuta hewa sawasawa anaingiza gia. Niliwahi kukaa nyuma yao na gari la mteja, nikaona hivyo kwa macho yangu, na sikupiga honi.

Sasa nifike kwenye lile.

Ilikuwa masika. Mwalimu akaja gereji akasema, "Fundi, gari linavuja. Mvua ikinyesha, paa nimefunga, naona maji yanatoka chini, nyuma ya milango." Nikalala chini. Kweli, kila upande, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, kulikuwa na tundu dogo, maji yanadondoka. Sasa nyie msiokaa milimani hamtajua, lakini kwa fundi wa Lushoto tundu chini ya gari ni adui. Matope yanaingilia hapo, vumbi linaingilia hapo, kutu inaanzia hapo. Gari la kwanza nililofundishiwa kazi nilifundishwa kuziba. Kwenye mlango wa gereji yangu nimeandika kwa rangi, herufi kubwa, USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA. Sikujiuliza mara mbili. Nilikata vipande vya tyubu ya baiskeli, nikayeyusha lami kwenye kopo, nikaziba tundu la kushoto na la kulia, nikapaka tena juu yake.

Mwalimu akataka kujaribu. Akalifunga paa, akachukua ndoo ya maji akaimwaga yote juu ya turubai. Tukachuchumaa wawili, tukachungulia chini. Hakuna hata tone. Akasimama, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Umeziba vizuri, fundi. Vizuri sana."

Ndiyo ile sifa moja. Nilijisikia mtu! Niliisimulia kwa mama muuza chai wiki nzima.

Na yale maji ya ndoo yamekwenda wapi? Hakuna kati yetu aliyeuliza. Mzee anayesikia silinda isiyopumua, na fundi wa miaka ishirini kazini, tumesimama pale tunatazama ardhi kavu tunafurahi. Matundu yale yalikuwa njia ya maji, waliyaacha makusudi waliolitengeneza gari. Maji ya mvua yanateremka kwenye turubai, yanaingia kwenye mfereji nyuma ya viti, yanatokea chini. Gari halikuwa linavuja. Lilikuwa linajitoa maji. Nikalifunga.

Uwanja wa Mwalimu umeinamia kushoto, kama viwanja vyetu vyote vilivyochongwa mlimani vinavyoinamia upande mmoja au mwingine. Gari lililala pale mvua yote ya masika. Maji yakakosa pa kutokea, yakajaa nyuma ya viti, yakatafuta njia, yakapita pembeni mpaka sakafuni upande wa kushoto, chini ya kapeti. Kapeti lile ni nene, juu unaliona kavu. Upande wa kulia, wa dereva, ulibaki mkavu kabisa. Kushoto ndiko alikokaa Mama Mwalimu.

Alianza yeye kusema. Walisimama gereji siku moja wakienda kliniki, nikamwamkia, akaniambia, "Mwanangu, miguu yangu inalowa humu." Nikamwambia pole mama. Miguu yake ilikuwa imevimba siku nyingi kwa ule moyo, na daktari alikuwa ameshasema itakuwa inakufa ganzi na kuhisi vitu. Mwalimu akasema, "Haijalowa. Imevimba. Vaa soksi." Mwezi uliofuata alikuwa amevaa soksi mbili mbili za sufu, na akasema tena, "Hata soksi zinalowa." Mwalimu akasema ni ukungu, gari ni la wazi, unataka nini. Alisema kwa ukali. Nilisimama pale pale, mkono wangu mmoja uko juu ya mlango. Kupiga magoti na kuweka kiganja sakafuni ni kazi ya dakika moja. Sikupiga magoti.

Mwisho wa Mei gari likazimika kwenye kona chini ya Soni, siku ya kliniki, manyunyu yanadondoka. Mwalimu akanipigia simu, nikateremka na bodaboda. Nilimkuta mkewe amekaa kwenye ukingo wa barabara, naye amesimama juu yake na mwavuli, koti lake kamvisha. Stata inazunguka, moto haushiki. Nikaangalia petroli, ipo. Nikaangalia plagi, hazipati moto. Basi nikaenda kwenye kompyuta ya gari, ambayo kwenye gari lile imewekwa sakafuni upande wa abiria, chini ya kapeti. Nikalishika kapeti nikaliinua.

Maji yalimwagika mpaka kwenye viatu vyangu. Kile kiboksi cha bati kilikuwa kimezama, nyaya zake zimeota kutu ya kijani. Nilijua hapohapo. Nilikumbuka lami, nikakumbuka ndoo, nikakumbuka soksi. 

"Ni nini, fundi?" akauliza kutoka pale kwenye mwavuli.

Nikalirudisha kapeti. Nikasema, "Kompyuta imekufa, Mwalimu. Haya magari ya Kijapani ndivyo yalivyo, kompyuta inajifia tu." Nilisema kwa ile sauti yetu mafundi, ya kumnyamazisha mteja. Na Mwalimu, ambaye sikio lake halikupitwa na mpira uliochanika, aliniamini. Alisema, "Haya."

Gari la watu likasimama kuwasaidia, lakini lilikuwa la kufungwa, paa la bati. Mama alijaribu, Mungu anajua alijaribu. Hawakumaliza kona tatu. Wakarudi, na nyumbani walipandishwa na pikapu iliyokuwa inarudi na matenga matupu ya nyanya, yeye amekaa nyuma katikati ya matenga, Mwalimu kamkumbatia, mvua inawanyeshea wote wawili. Wiki haikuisha akafariki.

Hakuna daktari aliyeniambia kwamba angefika Tanga angepona. Hakuna aliyeniambia asingepona pia. Nimeyageuza hayo kichwani mpaka nimechoka.

Kwenye mazishi kundi lilipiga, lakini Mwalimu hakupiga. Alisimama mbele yao na tarumbeta kwapani, na walipofika mahali pa kuvuta pumzi ya pamoja alisahau kuinua mkono, wakachelewa, wimbo ukayumba. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kundi lile linayumba. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, karibu na waliokuja kwa ajili ya chakula. Niliondoka kabla ya chakula.

Baada ya hapo miaka miwili. Gari lilivutwa likawekwa uwanjani kwake, likafunikwa turubai kuukuu lililochanika katikati. Hakuniita nilitengeneze, na mimi sikujipendekeza. Nikimwona anakuja upande wa sokoni nilivuka barabara. Lakini kulikuwa hakuna haja ya kuvuka, maana hakusimama tena kusikiliza. Alipita gereji kichwa chini kama mtu anayepita dukani asikonunua kitu. Malori yalimisi mbele yake, hakugeuka. Nilitamani aniudhi hata mara moja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeshaumbuka, ila hakuna aliyekuwa anajua isipokuwa mwenyewe.

Mwaka huu, masika yalipoanza kupungua, akaja gerejini mwenyewe. Alikuwa amekonda, kofia imekuwa kubwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika. "Fundi," akasema, "nahamia kwa binti yangu Mlalo. Gari haliwezi kwenda. Kuna mtu anataka injini. Njoo kesho uliangalie kabla sijampa."

Nilikwenda saa tisa mchana. Tukavua turubai pamoja. Chura lilikuwa limeota ukungu kwenye viti, lakini ule mshono wa nailoni ulikuwa mzima. Mwalimu akaupapasa kwa kidole. Halafu akaanza kusema, na hakuwa mtu wa kusema.

"Mwishoni alikuwa anaweweseka, fundi. Hata kitandani alisema miguu imelowa. Naipapasa, mikavu. Anasema, kwenye gari, kwenye gari imelowa. Nilimkaripia. Nilimwambia acha kulalamika, unanichosha." Akaupapasa tena ule mshono. "Miaka arubaini sikuwahi kumwambia ananichosha. Na hakuniambia tena, mpaka akaenda. Alikuwa anasema uongo wa ugonjwa tu, maskini, na mimi nikamkaripia."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na mazoezi ya miaka miwili ya kunyamaza. Lakini lile neno "uongo" lilinichoma, kwa sababu mwongo alikuwa amesimama hapo na spana mkononi.

"Mwalimu, mama hakuwa anaweweseka," nikasema. "Alikuwa analowa kweli. Ni mimi." Nikamwambia yote, matundu, lami, mfereji wa maji, siku ya Soni na kapeti nililolirudisha. Sikujitetea. Sikusema sikujua.

Alinisikiliza kichwa kakiinamisha upande, vilevile kama zamani. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja.

"Upande gani?"

"Kushoto," nikasema. "Kwake."

Akazunguka gari, akafungua mlango wa kushoto, akapiga magoti kwenye tope kwa shida, mzee yule, akaweka kiganja juu ya kapeti akakandamiza. Maji yakapanda kati ya vidole vyake. Akakaa hivyo. "Kumbe alisema kweli," akasema. Akarudia, siyo kwangu, "Kumbe ulisema kweli, mama."

Nililia. Sioni aibu kuandika. Yeye hakulia na hakunitazama. Aliponyanyuka alisema, "Zibua."

Nikalala chini na bisibisi. Lami ilikuwa imekauka, ikapasuka vipande, nikauvuta ule mpira wa tyubu ukatoka. Maji meusi yakaja kwa nguvu, yakanilowesha mkono mpaka begani, yakatiririka uwanjani kuteremkia kwenye migomba. Yalichukua muda. Mwalimu alivua kofia akasikiliza mpaka tone la mwisho.

"Na upande wa pili," akasema.

Nikazunguka, nikazibua la kulia. Vumbi kidogo likaanguka, na jani kavu. Hakuna kitu kingine. Mwalimu aliinama kutazama ardhi ile kavu chini ya kiti chake, akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoyatazama maji.

Nilingoja anifukuze, au anilaani, au aniambie yamekwisha.  Alivaa kofia yake, akafunga mlango wa gari taratibu.

"Kesho asubuhi uende kaburini kwake," akasema. "Umwambie kama ulivyoniambia mimi. Mimi nina yangu ya kumwambia."

Nilikwenda alfajiri, jua halijapanda vizuri na umande ni mwingi. Mwalimu alikuwa ametangulia. Alikuwa amesimama kando ya kaburi kwenye majani yaliyolowa, suruali kaikunja, bila viatu, bila soksi. Nikamwamkia, akaitika. Kisha na mimi nikavua vyangu, nikasogea.